Damu Nitakayotoa Jumatatu

Mjukuu wangu Zaituni,

Pokea salaamu kutoka Nkoma. Bibi yako mzima, na dada yako wa Jinja amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini nipimwe damu wakati saratani ya pafu ilishakatwa yote. Nilipokuwa kijana, pamba iliwaka kiwandani kwetu Mbale. Tukaizima, tukashangilia. Msimamizi wetu, Afande Juma, akasema, "Hakuna kwenda nyumbani. Ingizeni mikono kila rundo."

Rundo langu lilikuwa na joto. Tukalifumua, tukakuta pamba inaungua kimyakimya ndani.

Daktari anasema damu inaweza kuonyesha mabaki ambayo picha haijayaona. Naogopa, sikufichi. Lakini Jumatatu nitakwenda, na jibu lolote utalisikia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Babu yako,
Ramadhani