Baba wa Kukodi kwa Siku Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi maana nimejipalia makaa mwenyewe. Mchumba wangu ni fundi bomba, kalelewa kituo cha watoto yatima tangu ana wiki mbili, na mimi simwonei haya hata kidogo, mwanaume akikunja shuka pembe zinalingana, akimaliza kula anaosha sahani yake kabla hujamwambia, akiahidi saa nne ujue saa nne kasorobo yuko mlangoni, basi kwa kiherehere changu nikamwambia baba yangu, mwalimu mkuu anayependa kuuliza watu ukoo, kwamba baba wa mchumba wangu ni karani mstaafu. Uongo mtupu! Sasa wazazi wanakutana Jumamosi, nikampata mzee mmoja mwenye suti na mvi za heshima akakubali kuwa baba kwa siku moja, nikamweleza mchumba wangu nikidhani atanishukuru, akaweka spana chini akaniambia, "Mama yangu ni mpishi wa kituo. Baba yangu ni kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Mama akikosa kiti, na mimi sikai." Tangu juzi hapokei simu. Nifanye nini?

Mwenye Kiherehere

*

Pole, binti yangu, ila pole yenyewe ni nusu. Unasema humwonei haya. Huyo mzee wa suti ni wa nini basi?

Hizo sifa ulizonimwagia hakuzaliwa nazo. Alizipata kwa mpishi aliyeamka kabla yake, na kwa sheria ya nyumba yenye vitanda arobaini. Wewe umefinyangwa na baba, shule na majirani wenye midomo, ndiyo maana unaogopa watu watasema nini. Yeye haogopi. Ningekuwa na mkwe kama huyo, mtaa mzima ungenikoma!

Sasa sikiliza. Leo hii mwambie baba yako ulimdanganya. Atafoka, mwache afoke, ni mwalimu. Mzee wa suti mshukuru, arudi kwake. Halafu nenda kituoni kwa miguu yako, umwombe mpishi radhi, umwombe aje Jumamosi kama mzazi.

Na baba yako akiuliza ukoo, mwache mama huyo ajibu mwenyewe. Mwanawe yuko tayari kukosa mke kuliko kumkana. Kuna mzazi asiyetaka kusema hivyo juu ya mwanawe mbele za watu?