Tulivyompokea Mkaguzi wa Barabara

Kilvarna,
Magharibi mwa Ayalandi.
9 Novemba 2018

Mpendwa Dada Dervla,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Goti lako limepata nafuu? Na hilo joto la Perth, mnalala kweli? Sisi miili mizima, roho ndiyo haina raha.

Dada, machimbo ya mawe yamepitishwa. Malori yatapita pale pale kwenye kona, ng'ombe wa kaka Colmán wanapovuka kwenda kukamuliwa asubuhi na jioni. Na kaka sikio la kulia limekufa kabisa sasa. Anasimama katikati ya barabara na fimbo yake, akidhani kila dereva ni mtoto wa jirani.

Tumejiponza wenyewe. Tulikata rufaa, na tuliposikia mkaguzi wa barabara anakuja kutazama ng'ombe wakivuka kabla haijaamuliwa, ungedhani anakuja askofu! Tulifagia mavi barabarani. Mimi nikaoka mkate wa magadi. Padri naye akatangaza kanisani watu waendeshe polepole, na wakatii, wajinga sisi! Kila gari lilisimama, kila dereva akainua kidole kwenye usukani kumsalimu kaka, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Mgeni akanywa chai, akausifu mkate, akaenda kuandika kwamba kivuko kina utaratibu mzuri na hakina hatari yoyote.

Nilimlaumu kaka kwa nini hakumwambia ukweli. "We Gobnait, nimtishe mgeni mlangoni kwangu?" akanijibu. "Mama angefufuka anichape."

Kwa maandishi hayo, rufaa yetu imetupwa. Nimemsihi kaka awauze ng'ombe, nimechoka kusihi. "Niwauze, halafu nikiamka nifanye nini? Nikutazame wewe?" Alisema kwa utani, lakini machozi yalimtoka, dada. Hana mke, hana mtoto. Ng'ombe ndio wanaomtoa kitandani.

Malori yanaanza baada ya Krismasi. Nimenunua kizibao cha reflekta, nitasimama upande wa sikio lake bovu. Miguu yangu unaijua, kukimbia siwezi. Sidhani kama nitazuia chochote, ila sitaki awe peke yake.

Nisalimie shemeji Fintan, na Orla na Cormac. Waambie kama wanataka kumwona mjomba wao, wasingoje kiangazi cha huku.

Mungu awaweke mahali pa salama.

Mdogo wako akupendaye,
Gobnait