Fyulisi za Virusi

Shangazi, shikamoo. Kule Uluguru kuna baridi, nililala na soksi. Jana nilimweleza mwenyeji wangu, Bi Mwanaidi, kuhusu sindano yako ya Jumanne: virusi vilivyobadilishwa maabara ili viue seli za saratani na kuziacha zilizo nzima. Akasema, "Kama mbwa wangu. Anafukuza nguruwe pori shambani, kuku hagusi."

Leo asubuhi akanifungia vifurushi viwili vya fyulisi mbivu za mtini kwake, kimoja chako, kingine cha virusi. "Umeita vibarua," akasema, "utawaacha na njaa?"

Chako nimekimaliza kabla basi halijafika stendi ya Mafiga, unisamehe. Cha vibarua nakuja nacho, sijakigusa. Hao nataka washibe, Shangazi, wasibakize hata seli moja.

Mwanao,
Rehema