Ndiyo, Daktari

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Barua hii ikukute mzima, wewe, mwenzio, na mjukuu wangu Sisimizi. Niwie radhi kwamba barua ya mtu mzima inaanza na habari za tumbo. Padri aliyetufundisha kuandika angeifuta kwa wino mwekundu.

Uliniagiza mwezi Novemba niache mkate, nami nimeacha. Siku hizi nafungua kinywa kwa viazi. Uvimbe umepungua kidogo, na mbio za chooni pia, ingawa mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jipya. Jina la ugonjwa ndilo limetushinda. Mshonaji wa chumba cha pili anasema ni minyoo. Muuza dawa anasema ni asidi. Nami niliyejalidi vitabu miaka arobaini kwa gundi ya unga wa ngano, nikilamba kidole kila ninapofunua ukurasa, naambiwa huenda ngano ndiyo adui. Nimshuku nani?

Zahanati wamenipangia kupimwa damu mwisho wa mwezi. Samahani kwa kukuchosha.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na huo mkanda. Ukizidi kuutoboa utakuwa chujio.

Nimeulizia kuhusu kipimo hicho; wanataka kutofautisha magonjwa mawili. Moja ni utumbo mchokozi: tumbo huuma, hujaa gesi, hukimbiza au hufunga choo, lakini utumbo wenyewe ukitazamwa ndani hauna jeraha. Lingine huitwa siliaki: mtu akila ngano, mwili wake unaushambulia utumbo hadi chakula hakifyonzwi, anakonda, damu inapungua. Kwa nje yanafanana kama mapacha. Ila hili la pili hutembea katika ukoo.

Ndiyo maana nayasubiri majibu yako kuliko unavyoyasubiri wewe. Sisimizi ana miaka mitano na anavaa nguo za mtoto wa miaka mitatu. Tumbo mbele, miguu vijiti. Daktari wake ameuliza kama kuna mwenye tumbo la namna hii katika familia. Nimemwambia babu yake anapimwa.

Binti yako

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini mmeamka salama. Majibu yametoka: damu yangu ni safi. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, alinisomea kwa heshima zote. Si siliaki. Ni utumbo mchokozi, na amenishauri nipunguze mawazo, ushauri ambao mtu anayekula peke yake mezani huupokea kwa kutabasamu. Basi mtoto hana cha kurithi kwangu isipokuwa masikio.

Jana nilinunua mkate mzima kusherehekea. Niwie radhi kwa furaha ya kelele.

Baba yako

25 Machi

Shikamoo Baba,

Nililia kwa nafuu, kisha nikacheka kuhusu masikio. Daktari wa Sisimizi aliposikia majibu yako aliahirisha kipimo, maana foleni ya hospitali kubwa ni ndefu. Tumeanza dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Nami namnenepesha: mkate na siagi asubuhi, mkate na maziwa jioni. Anakula, halafu anajikunja kitandani na kunigeuzia mgongo. Labda ni deko. Sielewi, Baba. Tumbo lako likoje?

Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Nimempa dereva wa basi barua hii ikufikie kesho. Simu siisikii vizuri, na jambo hili sitaki ulisikie vipande vipande.

Ule mkate uliniangusha siku ya tatu. Nilirudi zahanati nikiwa nimechanganyikiwa: kama ngano haina hatia, mbona inanipiga? Muuguzi akaniuliza nakula mkate tangu lini. Nikamweleza kwamba niliuacha Novemba, nikaurudia Machi. Akaweka kalamu chini.

"Babu, sasa ile Februari tulipima nini?"

Akanifafanulia kwamba kipimo kile hutafuta alama za ugomvi kati ya mwili na ngano. Mtu akiiacha ngano, ugomvi hutulia, alama hufifia, na damu inaweza kuonekana safi hata kama ugonjwa upo. Kwa hiyo majibu yangu si ndiyo wala si hapana. Ni karatasi tu.

Nami niliulizwa, mwanangu. Daktari aliniuliza huku akiandika, "Mzee, mkate unakula kama kawaida, siyo?" Nikajibu, "Ndiyo, Daktari." Kule misheni tulifundwa kwamba msomi akikuuliza huku jibu tayari liko mdomoni mwake, humkosoi. Tena nilihofia asije akakulaumu wewe uliyenishauri. Adabu yangu imemfungia mjukuu wangu mlango.

Usinisubiri mimi. Mpeleke sasa, na usimwachishe mkate kabla hajapimwa, hata akijikunja. Mimi nimeamriwa vipande viwili kila siku kwa wiki sita, ndipo nipimwe upya. Nitavila. Sistahili msamaha wako, ila nauomba.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba,

Sikuandika kwa sababu kila nilichoanza kiligeuka matusi, na hukunilea hivyo. Kumlisha mtoto kitu unachodhani kinamuumiza, ukimbembeleza "kidogo tu, mama," siku baada ya siku, sitaki kukueleza.

Damu yake ilijaa hizo alama. Wakamlaza, wakapitisha kamera kinywani, wakachukua kipande kidogo cha utumbo wakakipime. Ni siliaki. Hii ni wiki ya pili bila ngano. Jana alimpiga ngumi mtoto wa jirani, nikaomba radhi huku nacheka.

Daktari anataka kujua imetoka upande gani. Kwa wakwe hakuna. Majibu yako yakoje? Na Mama, anauliza, alikufa kwa nini hasa? Nilimjibu kama ulivyonijibu siku zote, kwamba moyo ulichoka. Akaniambia nikuulize tena.

Binti yako

15 Juni

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa ngumi ya Sisimizi.

Wiki sita nilizimaliza. Damu ni safi tena, safari hii kwa kweli. Wangu ni utumbo mchokozi; ngano huukera bila kuujeruhi. Nilisema uongo, na uongo wangu ukaangukia kwenye kweli. Sijui nishukuru au nitubu.

Sasa mama yako. Wakati ule niliulizwa na wengi, nikachagua neno la heshima. Moyo wake haukuchoka. Alikonda miaka sita. Tumbo lilimjaa, damu ikapungua, mfupa wa mkono ukavunjika akikamua nguo. Watu walisema ni mawazo, nami nikakubaliana nao kwa kuwa walikuwa wageni nyumbani kwangu. Chakula kilipomshinda, nilimlowekea mkate katika maziwa nikamlisha kwa kijiko. Alimaliza bakuli ili asiniudhi.

Je, ilikuwa siliaki? Sijui. Hakupimwa. Mwambie daktari aandike hivyo: mume wake hajui.

Na wewe, uliyezaliwa na yeye ukamzaa Sisimizi? Katika barua zote umenieleza matumbo ya watu wote isipokuwa lako. Kama bado unakula mkate, usiuache. Nenda kwanza ukapimwe. Kisha nijibu lilivyo, hata kama litaniudhi.

Baba yako