Jembe la Mpini Mfupi

Jumatatu, 5 Februari 1968

Moraa amechaguliwa chuo cha ualimu! Moraa wangu. Msichana wa kwanza kilima hiki chote. Habari imeletwa na mwalimu wake kutoka Nyamira, mimi bado nakama ng'ombe, nusura nimwage maziwa. Nimekama hadi mwisho. Ng'ombe hajui chuo.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kichwa kile mtoto kakitoa wapi? Si kwa jirani.

Nimewaambia wote kisimani, wengine mara mbili. Wamefurahi, halafu wakatazamana, wakanyamaza. Kwamboka, mke mwenzangu na sasa mjane mwenzangu, amesema, "Vizuri, Mama Moraa," akajitwika mtungi, akaenda. Vizuri tu! Sipendi.

Shamba la juu halijaguswa tangu mazishi. Magugu kiunoni. Mvua inakaribia, na bila kulima hakuna wimbi la uji mwaka huu. Nimesema kesho. Nasema hivyo kila siku.

Jumatano, 7 Februari

Leo nimeamka na nguvu. Mama wa mwalimu hawezi kufuga msitu. Nimenyoosha mkono nyuma ya mlango. Jembe hakuna.

Jembe langu la mpini mfupi, uliokatwa kwa kimo changu. Nani mwingine angelitaka? Mpini ule umekunywa jasho la viganja vyangu miaka mingi. Hapa kwetu kila mtu anajua kitu chenye jasho lako hupelekwa kwa nani, na kwa kazi gani.

Sikulima. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumamosi, 10 Februari

Sabato. Wanawake wa egesangio, kikundi chetu cha kulimiana, leo kwako kesho kwangu, walikuwa wakiongea nje ya kanisa. Nilipofika, kimya. Tangu mazishi sijamlimia mtu, kwa hiyo zamu yangu imekufa. Hilo naelewa. Lakini kunyamaziwa?

Kwamboka alikuwa katikati yao. Anawaambia nini? Mhubiri alifundisha juu ya upendo. Mimi niliangalia nani ananiangalia.

Jumanne, 13 Februari

Kwamboka anatembea ameshika kiuno kama bibi kizee. Uchawi umemrudia. Nimecheka peke yangu jikoni.

Halafu sikujisikia vizuri.

Jumatano, 14 Februari

Nimemwona! Asubuhi, kupitia migomba. Anapanda njia ya Nyamache, majembe mawili begani. Moja refu, lake. Moja fupi.

Ijumaa namwita shemeji yangu, mzee Nyakundi. Mbele ya ukoo nitalitaja neno lenyewe: mchawi. Likishatoka halirudi mdomoni. Mwanamke hufukuzwa pamoja na watoto wake, nyumba ikabaki majivu. Najua. Shauri yake.

Alhamisi, 15 Februari

Nimefungua daftari nipange ushahidi. Sitaki kubabaika mbele ya wazee, mimi niliyesoma. Nimeanza mwanzo.

Kwamboka. Kwamboka. Karibu kila siku Kwamboka.

Kuna jina nimelitafuta. Halimo. Nimeandika mazishi, sikuandika ya nani. Nimeandika mpini uliokatwa, sikuandika nani aliukata.

Onchiri.

Onchiri mume wangu aliukata, amekaa juu ya gogo, akanisimamisha anipime nao. "Mke wangu ni mfupi," akasema, "lakini maneno yake yanafika kule Masimba."

Daftari hili Moraa alinipa Novemba, tulipomaliza kumzika. "Mama, kama huwezi kusema, andika." Likakaa tupu hadi mwezi huu, kisha nikaandika juu ya jembe. Kumchukia Kwamboka ni kazi nyepesi kuliko kupanda hadi lile shamba na kukuta upande wa Onchiri hauna mtu.

Nimelia mpaka kuku wakaja kuchungulia mlangoni.

Bado namshuku. Ila mzee Nyakundi simwiti. Nitauliza mwenyewe kwanza.

Ijumaa, 16 Februari

Nimemkuta anajikanda kiuno kwa maji moto. Jembe langu limeegemea ukuta wake, wazi kabisa, na udongo mbichi.

"Kwamboka, jembe langu limekukosea nini?"

"Limenivunja mgongo! Mpini gani huu, wa mtoto?"

"Liko kwako linafanya nini?"

"Linakwenda egesangio. Namaliza mstari wangu, naanza wako. Walitaka kukutoa, nikawaambia, jembe lake si hili hapa? Jembe likija, mwenyewe amekuja. Wakakubali. Nikawafunga na midomo."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Ungekubali? Mama Moraa, kiburi chako ni kirefu kuliko mpini wako."

Nikalichukua jembe langu, nikalikwangua udongo kwa kidole.

Akageuza uso. "Na mimi nilifiwa," akasema. "Nikikaa nyumbani namsikia akikohoa. Heri nilime."

Kumbe. Miezi yote hii nilidhani kilio ni changu peke yangu, yeye ni wa kushukiwa tu.

Nikachukua kitambaa, nikamkanda mgongo. Alipiga kelele kama mbuzi, akasema mkono wangu ni mzito kama wa mtu aliyelala tangu Novemba. Neno lile, mchawi, nimelimeza. Halitatoka.

Jumapili, 18 Februari

Nimepanda hadi shamba la juu, peke yangu na jembe langu. Nilisimama sana. Kisha nimelima kidogo, nikaanzia upande wa Onchiri. Udongo haujakataa.

Nimemwambia habari za Moraa, kwa sauti. Nimejisifu pia. Safari hii hakunikatiza, nikamaliza haraka.

Kiganja kimetoka lengelenge. Nalitazama kama pete.

Kwamboka ameleta wimbi lake tusage pamoja na langu. Amenikumbusha nisiwasimulie wageni habari za chuo zaidi ya mara moja. Nimemwambia nitajaribu. Moraa atafika kesho jioni. Zamu yangu haikufa.

Jumanne wanakuja wote wa egesangio.