Shangazi, Mstari wa Chokaa Nimeufuta

Shangazi,

Ni mimi Bakari, yule uliyesema mdomo wake ungekuwa jembe tungelima kutoka Ndera mpaka Kipini. Usishangae karatasi. Nyuma yake kuna maswali yaliyopigwa chapa: jina la mtoto, jina la mlezi, alama za mwilini. Ni fomu tupu za shirika. Nilibaki nazo kazi ilipokwisha, na sitaki zirudi kule. Heri nikuandikie wewe.

Ndiyo, nimesema kazi. Keti vizuri.

Tangu tukuzike, mto ulitutembelea. Maji yalifika mpaka pale ulipokuwa ukikaangia mahamri, stendi ya Garsen, yakabeba meza, yakabeba mabati. Kigoda chako nilikiwahi, nikakitia kichwani kama taji huku wenzangu wakiokoa magodoro. Walinicheka. Nawe ungenicheka. Lakini nani hakijui kigoda kile? Mtoto akipotea siku ya soko, awe wa Mpokomo, wa Mworma, wa Msomali, analetwa kwako. Unamkalisha mbele ya barabara kila mtu amwone, unampa chai na hamri, na ole wake atakayemuuliza kitu kabla hajamaliza. "Mwacheni ameze kwanza! Nyie ni polisi?" Halafu unapaza sauti mpaka Minjila wasikie: "Mtoto wa nani huyu mzuri hivi?" Hata akiwa na kamasi mpaka kidevuni.

Basi mafuriko yakaleta kambi, kambi ikaleta shirika, shirika likaleta magari meupe, na magari meupe yakaniletea mimi kazi. Walitaka kijana wa hapa anayejua lugha. Nani mwingine? Kipokomo nimezaliwa nacho, Kiorma nimekiokota soko la ng'ombe, Kisomali madukani, na Kiingereza changu cha kidato cha pili nilikinoa bandarini Mombasa na mabaharia wa kila rangi. Niliwaambia nimefika Dubai. Wewe unajua nilifika getini tu. Wakaniandika intern wa ulinzi wa watoto. Kwa Kiswahili cha kitabu ni mwanagenzi, yaani mtu anayefanya kazi zote huku akiambiwa anajifunza. Nikapewa kizibao cha buluu na kitambulisho cha shingoni. Siku ya kwanza nilipita stendi mara nne bila shughuli yoyote.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na mtoto mmoja. Jina lake la kweli silitaji, hata kwako. Hilo nilifunzwa na nalikubali, tena nakujua, hata huko uliko ungeshawasimulia wenzako. Nitamwita Halima. Ana kama miaka sita. Maji yalipoingia kijijini kwao, boti ilichukua watoto kwanza, na ilipotaka kuwarudia mama zao mkondo ukakataa. Watoto wakaletwa Garsen, akina mama wakachukuliwa na malori upande mwingine. Wenzake wote walipata watu wao. Yeye akabaki kambini, hasemi na mtu.

Afisa wetu alimweka kwenye kiti cha plastiki akamsomea maswali haya yaliyo nyuma ya karatasi hii, nami natafsiri kwa Kiorma. Hakujibu hata moja. Kwenye faili wakaandika kwamba hatoi ushirikiano. Mtoto wa miaka sita! Kesho yake nikaleta kigoda chako, chai ya maziwa na hamri mbili, nikafunga mdomo. Mimi, Bakari! Siku ya tatu, akiwa bado anatafuna, akaniambia jina la mama yake, na kwamba wana ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe moja.

Hiyo pembe ilitosha. Boda wa Garsen akamwambia wa Hola, wa Hola akamwambia wa Bura, na kabla wiki haijaisha simu ikalia. Kuna mwanamke kule Chewele, anakaa kwa dada yake, ng'ombe wake wa pembe moja amesalimika, na kila gari linalopita analiuliza kama limemwona mtoto. Wao wana kompyuta, Shangazi. Mimi nina waendesha boda.

Nilikimbia mpaka ofisini kizibao kikipepea. Mkuu wetu, bwana mmoja mwenye viatu visivyojua matope, akanipiga bega. "Kazi nzuri sana, Bakari. Tumweke kwanza mpaka wageni waje." Wafadhili walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili, na kamera. Walitaka waone mama na mtoto wakikutana.

Nikacheka. Pale ofisini mcheshi ni mimi, nikadhani ameamua kuniibia kazi. Kumbe hakuwa anatania.

Na hili sijamwambia mtu. Nilinyamaza. Alisema wageni wakiondoka kuna nafasi ya kudumu, na jina langu liko juu. Nikajiona ndani ya gari jeupe, kioo nimekishusha nusu, nawapungia watu wa stendi. Mama Halima akipiga simu, "Nije lini, ndugu yangu?", namjibu karatasi hazijakamilika. Zilikuwa zimekamilika. Nilizijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa kuringia.

Wiki ile wakaanza maandalizi. Watoto walivishwa tisheti nyeupe, wakapigwa picha, wakavuliwa, tisheti zikarudi kwenye boksi zisichafuke. Hema lao la kuchezea lilifungwa zipu kwa sababu hiyo hiyo. Wao wakachezea matope nje, wanachungulia midoli.

Kisha wakachota chokaa, ile ile ya kumwaga vyooni, wakachora mstari mbele ya hema. Halima asimame hapo vidole vikigusa. Mpiga picha akipunga mkono, akimbie. Upande wa pili alisimama mfanyakazi mmoja wa kike, amejitanda leso, anajifanya mama. Halima alikimbia kweli, Shangazi. Alikimbia mikono imefunguka, na hakuna aliyemwambia aifungue. Alipofika akaona uso si wenyewe. Akanigeukia mimi, akauliza kwa Kiorma, kwa sauti ndogo: mama yuko wapi?

"Anasemaje?" mkuu akauliza.

Nikamwambia, "Anauliza kama amefanya vizuri."

Wakampigia makofi. Wakamrudisha kwenye mstari, tena na tena, mpaka akajua.

Lugha zote nilizo nazo, na hiyo ndiyo kazi niliyozipa. Mimi nimelala juu ya magunia ya papa mkavu, nimekula hoteli za bandarini ambazo paka anazipita mbali, lakini kichefuchefu kama kile sijawahi kukisikia. Wao walinitia kinyaa, ndiyo, na makofi yao. Lakini kilichonuka karibu zaidi kilikuwa mdomo wangu. Nilipiga mswaki mara mbili. Nikatafuna tangawizi. Wapi.

Asubuhi nilibeba faili, sikwenda ofisini kwetu. Nilikwenda kwa afisa wa watoto wa serikali, mama mmoja mtaratibu mwenye meza inayoyumba. Akasoma kila ukurasa, akavua miwani. "Kila kitu kipo. Sasa mnangoja nini?" Nikamwambia: wageni. Alipiga muhuri mpaka meza ikataka kupiga magoti. Nami nikampigia Mama Halima, nikamwambia njoo na barua ya chifu, njoo kesho.

Alishuka adhuhuri kutoka kwenye lori la vitunguu, barua ameifunga kwenye pindo la leso. Afisa wa serikali alikuwa pale, mkuu wetu alikuwa anapiga kelele kwenye simu yake. Mimi nilishaanza kichwani kukisimulia kisa, nitakavyokikuza stendi.

Halima alimwona mama yake. Akashtuka, akatimua mbio. Lakini hakumkimbilia mama. Alikimbilia kwenye mstari. Akasimama juu ya chokaa, vidole vikigusa, mikono ubavuni, akanitazama mimi. Anangoja nipunge mkono.

Mama yake hatua chache tu mbele yake, anamwita kwa jina, na mtoto hatoki. Tulikuwa tumemfundisha vizuri mno.

Sikupunga. Ningepunga ningekuwa nimewamalizia filamu yao. Nilivua ndala nikaufuta ule mstari kwa miguu yangu, naburura kama kichaa, chokaa inanichoma kwenye nyufa za visigino, mpaka hapakubaki kitu cha kusimamia. Ndipo akaenda. Hakukimbia. Alitembea, akashika leso, akauchungulia ule uso muda mrefu kabla hajauamini.

Baadaye Mama Halima akaniuliza, "Alikuwa ananiulizia?"

Nikamwambia, "Alikuulizia. Nami nilikuficha. Karatasi zilikuwa tayari siku zote zile."

Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyoingiwa na nzi, akambeba mwanawe mgongoni, akaondoka. Nilistahili. Nisingemwambia angenishukuru kwa sababu hajui, na hizo shukrani ningezila, ninavyojijua.

Mkuu alininyang'anya kitambulisho siku hiyo hiyo. Akasema nimeharibu tukio. Na wageni walikuja, Shangazi. Nasikia ulichorwa mstari mwingine. Waliwachukua mama na mtoto wengine waliokuwa wakilala mkeka mmoja, wakawatenga asubuhi nzima ili wakutane mbele ya kamera. Natema mate kila nikikumbuka, na nakumbuka kila siku.

Stendi wananiuliza gari jeupe liko wapi. Nawaambia halikuwa na nafasi ya kutosha miguu yangu mirefu. Wanacheka. Wewe nakwambia kweli.

Kesho naweka meza mpya pale pako. Mahamri yangu ni magumu, ukimrushia mwizi anaanguka, lakini nitajifunza. Kigoda kitakaa mbele ya barabara. Mtoto akiletwa atakula kwanza, nami nitafunga mdomo, na atakachoniambia nitakifikisha kama kilivyo, hata kama kinanivua nguo mbele za watu. Nakuahidi hilo, na unajua ahadi zangu nyingine zote zilikuwa za mdomo.

Pumzika, Shangazi. Ukisikia mtu anapaza sauti pale Garsen, "Mtoto wa nani huyu mzuri hivi?", usihangaike kuamka. Ni mimi. Bado haijafika Minjila, lakini nitaongeza.

Mwana wa kaka yako,
Bakari