Akikuita Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwili wangu hauna tatizo, hofu ni kwako na hilo goti lako linalotabiri mvua kuliko redio. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeipaka, au umeiweka juu ya kabati unangoja ishuke ikuchue yenyewe? Mama anaendeleaje na kikohozi? Mwambie namkumbuka kila siku ninapokaa kwenye cherehani yake. Wifi mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na za watoto, maana unajua anavyonuna. Watoto nao wabusu mmoja mmoja, hata yule wa mwisho mwenye makamasi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, wewe kwenye simu unaongea kwa sauti ya mnadani, na kila neno ninalosema unalirudia ili Mama naye asikie. Haya ya leo si ya kurudiarudia. Soma mwenyewe mpaka mwisho, unywe maji, ndipo uamue Mama aambiwe kiasi gani.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Miezi minane tangu uliponishika mkono ukanikabidhi kwa shemeji yako, na sita ya kwanza nilikuwa na raha mpaka naona aibu kuisimulia. Tuna chumba kimoja ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, jiko liko koridoni na tunalipokezana na wapangaji wengine. Cherehani nimeiweka dirishani nipate mwanga. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini mume wangu alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano kumi, anazichoma kwenye pazia kwa mstari, ili nisihangaike mchana kutwa. Mtu wa hivyo utamdhania ubaya? Mimi sikumdhania.

Kazi yenyewe aliipata kwenye duka kubwa la suti huku mjini, duka la vioo, ambalo hata mlinzi wake amefunga tai. Unalikumbuka lile koti la marehemu Baba ulilonipa siku naondoka? Nililifumua lote, nikaligeuza, nikalipunguza mabega, nikamshonea mume wangu koti la kwendea usaili. Akapita. Alirudi anacheza mlangoni, akasema koti ndilo lililoongea, yeye alifungua mdomo tu. Siku hiyo nilimpenda mpaka nikaogopa.

Baada ya mwezi, fundi wa pale dukani akaacha kazi kwa sababu ya macho. Mume wangu akawaambia anamfahamu fundi mmoja hodari wa kupunguza suruali na kufupisha mikono ya makoti. Ndipo nikaanza kuletewa kazi nyumbani, kila Jumatatu na Alhamisi, na anayezileta ni msimamizi wa duka mwenyewe. Watu wote wanamwita Bwana Tepu, kwa sababu ile tepu ya kupimia haimtoki shingoni, hata sokoni anakwenda nayo. Ni mtu mzima kidogo, mjane, mke wake alifariki miaka minne iliyopita. Mpole, mcheshi, na nguo anaijua. Anaweza kuigeuza suruali niliyopinda akatafuta mshono kwa kidole asiuone, akacheka peke yake.

Sasa sikiliza kosa langu lilipo. Bwana Tepu akipiga hodi, ananiuliza, kaka yako ameshatoka? Kaka yako amekwambia hizi ni za haraka? Nami najibu, kaka ametoka, kaka amesema. Wewe unajua mjini, kaka. Kila mwanamume ni kaka, kila mwanamke ni dada, hata anayekukanyaga mguu anakuita dada. Mimi nikajua ni adabu tu za mtu aliyelelewa, hataki kusema "mumeo" kwa mke wa watu. Miezi miwili mizima, kaka yangu, nilikuwa namwitikia mtu uongo nisioujua.

Alhamisi moja akaja bila mzigo. Amevaa vizuri, tepu ameikunja ameiweka mfukoni. Akakaa kwenye kigoda, akakohoa, akaniambia ameishi na upweke vya kutosha, na kwamba ameshaomba ruhusa kwa kaka yangu kuzungumza na mimi, na kaka yangu amesema atawaeleza wazee nyumbani. Kwanza nilidhani amekuandikia wewe. Nikamuuliza, kaka yangu yupi? Akanitajia mume wangu.

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Ni Mungu tu sikuzimeza. Nikamwomba anipe muda nifikiri, akaondoka kwa adabu akafunga mlango taratibu.

Jioni mume wangu alipoingia nikamuuliza kwa upole kabisa. Ungemwona! Alianza kwa kucheka, cheko likamkatikia njiani. Akasema fomu ya kazi ilitaka vijana wasiooa, akaandika hajaoa, halafu siku tuliyokutana na Bwana Tepu barabarani, mimi nikiwa na aproni yangu na nyuzi kichwani, akaulizwa huyu nani, likamtoka neno "dada". Akaapa kwamba alifanya yote kwa ajili yetu. Nami, mjinga wako, nikalainika. Nikamwambia basi kesho nenda kaseme ukweli. Unajua alinijibu nini? Akasema hapana, itakuwa aibu, wewe mkatae tu. Mwambie humpendi, ni mzee, mambo yaishe kimya kimya.

Yaani nimkatae mwanamume kama msichana wa nyumbani asiye na mwenyewe, ili bwana yeye asione haya.

Jumatatu nikamuuliza Bwana Tepu, kama kwa mzaha, hivi dukani kwenu hamtaki waliooa? Akashangaa. Akaniambia karibu wote wana wake na watoto, na fomu hiyo haina hata swali la ndoa. Kisha kwa huruma tu, maana hakujua anamwagia kidonda chumvi, akasema nisione vibaya, kaka yangu amewaeleza kwamba sikubahatika na shule, kwamba amenichukua nyumbani kunisitiri, nimpikie na kumfulia mpaka nipate mtu wa kunioa.

Kunisitiri! Mimi! Koti alilosimama nalo mbele yao nimelishona kwa mikono hii, kutoka mgongoni kwa baba yangu. Kumbe alikuwa ananionea haya, kaka. Wenzake wake zao wanakaa maofisini, na yeye akaona bora nionekane mtumishi wa ukoo kuliko kusema huyu fundi wa viraka ndiye niliyemuoa. Nililia siku ile mpaka nikailowesha suruali ya mtu, ikabidi niipige pasi upya. Nilipomaliza kuipiga pasi, nilikuwa nimemaliza kulia.

Jioni nikampokea mlangoni. Nikamwambia, karibu kaka, pole na kazi. Akadhani utani. Akakuta nimefunga kamba kutoka ukutani hadi dirishani, nimetundika shuka, godoro dogo nimelitandika upande wa cherehani na kitanda nimejibakizia mimi. Nikamweleza kwamba kwetu tulifundishwa adabu, kaka na dada wakikua hawalali pamoja. Hiyo ni wiki ya saba sasa. Amebembeleza, amenuna, amenunua maua, amepiga magoti. Namwambia, kaka, inuka utachafua suruali ya kazi.

Na hizo suruali nazo, usicheke. Anazo tatu za dukani, na ni mimi ninayezitunza. Kila Jumapili akienda kunyoa, ninafumua kiuno, nakipunguza kama unene wa uzi tu, nashona tena. Wiki ya tatu akaanza kuvuta pumzi akifunga kifungo. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha chakula cha jioni. Sasa anapanda ngazi zetu mara mbili kwa siku ili apungue, ghorofa tatu juu na chini, wapangaji wanamwuliza amepoteza nini. Amekonda mashavu mpaka masikio yamekuwa makubwa, na kiuno bado kinambana. Amenunua mzani. Mzani unamwambia amepungua, suruali inamwambia amenenepa, hajui amwamini nani. Najua ni dhambi ndogo. Naifurahia kama kubwa.

Lakini hayo ni ya kupoza moyo. Jambo lenyewe ni hili. Nilimwambia Bwana Tepu nimekubali.

Nilimwambia mbele ya mume wangu, pale pale dukani, nilipopeleka mzigo mwenyewe kwa makusudi. Nikasema, kaka, mwambie bosi wako kwamba dada yako amekubali, na wewe ndiye utakayempeleka nyumbani. Alibadilika rangi. Wenzake wakampigia makofi, wakamwita shemeji wa bosi. Angeweza kusema pale pale. Neno moja tu, kaka, "huyu ni mke wangu", na mimi ningemfunika na aibu yake yote kwa kanga yangu. Nilimtazama mdomoni. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, kisha akampa Bwana Tepu mkono.

Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo mtapata wageni saa nne asubuhi. Watakuja watatu: Bwana Tepu, rafiki yake mwenye duka la vifungo, na shemeji yako akiwa kiongozi wa msafara, mwenye kuleta posa ya mke wake mwenyewe. Mimi nitatangulia Ijumaa, nitakuwa ndani na Mama.

Na sasa, kaka, ninalo la kuungama, na hili ndilo lililonifanya niombe usome peke yako.

Bwana Tepu anajua. Jumatatu iliyopita nilimweleza kila kitu, kwa sababu hakunikosea lolote na sikuweza kumfanya kinyago kwenye ugomvi usio wake. Aliikunja na kuikunjua tepu yake. Akasema safari iko palepale. Anataka kuona kwa macho yake mwanamume anaweza kumeza kiasi gani. Tena akasema, na naandika kama alivyosema, kwamba mume wangu akiniita mke mbele yenu, yeye atainuka amshike mkono na posa itaishia hapo, na hatanizungumzia tena kwa njia hiyo mpaka afe. Lakini akinikana, basi siku nitakapokuwa huru kwa haki, atarudi mwenyewe, bila wa kumtangulia.

Huo si uungamo bado. Uungamo ni kwamba nilichelewa kumwambia. Ningeweza kumwambia siku ile ile ya pini. Nilikaa wiki sita, kaka. Nilijiambia ni kwa ajili ya kisasi, na kisasi kilikuwepo, sikatai. Lakini kila Alhamisi nilikuwa nachana nywele kabla hajafika. Alikuwa anaushika mshono wangu na kusema mbele ya wapita njia koridoni kwamba huyu ndiye fundi wangu, hakuna wa kumfikia, na mimi nilikuwa nimekaa siku nyingi bila kusifiwa mbele za watu. Sikufanya lolote la kukutia aibu, wala yeye. Lakini usinione mtakatifu.

Mume wangu naye anaamini jambo moja tu, kwamba wewe utamwokoa. Nimemsikia akijifariji. Anasema akifika tu, shemeji atampokea kwa makelele yake, atamwita "shemeji" mpaka jirani asikie, na mambo yatajifichua yenyewe bila yeye kusema kitu, kisha watacheka wote, yaishe.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuomba, na nakuomba kwa jina la Baba. Usimwite wewe kwanza. Wakipiga hodi, fungua mlango, usimame hapo, uwe bubu. Mama naye mwambie hivyo hivyo, na wifi. Msicheke, msimsaidie, msimtie neno mdomoni. Mtazameni. Atalazimika kukusalimu, na salamu lazima iwe na jina.

Akikuita shemeji, basi mpe kiti, nami nitatoka na maji ya kunywa, na hayo mengine nitayamaliza naye nyumbani kwangu.

Akikuita kaka, mwitikie. Mwambie karibu ndugu yangu, umepotea siku nyingi. Mwingize, mketishe upande wetu, mpokeeni posa kwa heshima zote. Na wageni wakiondoka umwambie na yeye aende, kwa sababu mtoto wa kiume wa nyumba hii ni mmoja tu.

Ninajua neno gani ningelitaka miezi miwili iliyopita. La sasa silijui, na ndiyo maana nataka lisemwe na yeye.

Mchue Mama miguu kwa niaba yangu, ukimaliza lako goti. Wasalimie majirani wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia, wasije wakasema mjini nimepata kiburi. Tutaonana Ijumaa nikijaaliwa.

Ni mimi dada yako, na dada wa mtu mwingine sijawahi kuwa,

Fundi